Salamu za Ng'ambo ya Daraja

Shangazi Dorcas alikuwa na kawaida ya kuanza kuongea kabla hajavuka kizingiti. Ungemsikia tangu kwenye ngazi za uani, anahema, anajikokota na goti lake bovu, huku tayari anasimulia: nani kajifungua, nani kaposwa, nani kang'olewa jino na fundi viatu. Akifika mlangoni habari imeshafika katikati, itabidi umwombe arudie mwanzo. Na akirudia, huwa imenoga zaidi.

Mimi nilikuwa jirani yake, mlango kwa mlango. Nafua nguo za watu. Ua wetu uko upande wa mashariki wa mto, hapa Whitby, chini ya kanisa, mahali nyumba zilipopandiana mabegani na jua hupita adhuhuri kama mdeni anayekwepa mlango wako. Kuta zetu hutoka jasho mwaka mzima. Ukitundika koti msumarini Oktoba, Januari limeota ukungu.

Alikuwa shangazi wa akina Harland, lakini ua mzima tulimwita Shangazi. Ujanani mwake aliposwa na mshona matanga. Halafu mke wa kaka yake Isaac akafa, akaacha wavulana wawili, na Dorcas akamwambia mchumba wake asubiri kidogo, hadi watoto waweze kufunga viatu wenyewe. Mshona matanga hakusubiri. Dorcas hakulalamika. Alisema, "Mwanamume asiyeweza kusubiri watoto wafunge viatu, angewezaje kusubiri chakula kiive?" Akacheka, na habari ikaisha hapo.

Isaac alikuwa mchongaji wa jiwe jeusi, lile linalochimbwa majabalini kwetu, jepesi kama mti, ukilisugua linang'aa kama jicho la paka. Tangu Malkia afiwe na mumewe, nchi nzima ilitaka kuomboleza kama yeye. Hakuna mfiwa mwenye heshima aliyetoka nje bila mkufu au bizimu ya jiwe letu kifuani. Vifo vya wenzetu ndivyo vilivyotulisha. Wavulana wote wawili walikulia katika karakana ya baba yao, nyuso nyekundu kwa unga wa kung'arishia. Silas, mkubwa, alikuwa na mkono: angeweza kuchonga waridi ukatamani kuinusa. Reuben, mdogo, alikuwa na mdomo. Aliweza kumuuzia mjane bizimu mbili wakati amefiwa na mume mmoja.

Waligombana siku ya maziko ya Isaac, mezani, nyama ya nguruwe ikiwa bado kwenye sahani. Silas alikuwa amegundua kwamba katika duka lake jipya ng'ambo ya daraja, kule juu wanakofikia wageni wa majira ya joto, Reuben anauza shanga za kioo cheusi na kusema ni jiwe.

"Unawauzia wafiwa vioo," Silas akamwambia, "na jina la baba liko juu ya mlango."

Reuben akafuta midomo yake kwa kitambaa. "Na wewe umemuua mkeo kwa unyevu wa shimo hili kwa sababu ya kiburi chako. Mimi angalau wangu wanaishi pakavu."

Mke wa Silas alikuwa amekufa kwa kifua majira ya baridi yaliyotangulia, akamwachia binti mmoja tu, Nell. Silas aliinuka, akafungua mlango, akausimamia wazi mpaka Reuben na mkewe Adelaide wakatoka. Tangu hapo hawakusemeshana. Wakikutana darajani, mmoja alitazama meli, mwingine alitazama mfuko wake wa saa.

Shangazi, aliyebaki kuishi kwa Silas, ndiye pekee aliyevuka. Kila Alhamisi alivaa boneti yake nzuri, akapanda kule juu kunywa chai kwa Reuben, akarudi jioni na habari. Mwanzoni zilikuwa habari za kweli na kavu: mtoto wao kaanza shule, Adelaide kanunua pazia. Silas alisikiliza bila kuinua kichwa kwenye gurudumu lake, miguu ikipiga kanyagio. Lakini alisikiliza, na Shangazi aliona. Basi Alhamisi moja akasema:

"Reuben kakuulizia."

Kanyagio likasimama. "Kaulizaje?"

"Kaulizaje! Kauliza hali yako, mwanangu. Watu wanaulizaje?"

"Hm," akasema Silas, na kanyagio likaanza tena, polepole kuliko kwanza.

Reuben hakuwa ameuliza kitu. Haya nayasema kwa sababu baadaye nilijua yote, kutoka kinywani mwa Shangazi mwenyewe. Wakati ule sote tuliamini. Alhamisi iliyofuata alifika kwa Reuben na kumwambia kwamba kaka yake hulitaja jina lake kila Jumapili katika sala ya mezani. Reuben alicheka puani, lakini alimwongezea Shangazi sukari kwenye chai.

Ukishaonja utamu wa namna hiyo huachi. Shangazi alianza kuoka keki ya tangawizi, ile nyeusi ya shayiri na asali ya miwa, usiku wa Jumatano katika tanuri langu, akinidanganya kwamba ni ya bazaa ya kanisa. Alhamisi aliipitisha darajani kwenda, akaipitisha darajani kurudi, akaiweka mbele ya Nell. "Mama yako mdogo Adelaide kakuletea." Na ng'ambo alipeleka glavu za sufu alizofuma mwenyewe kwa vidole vyake vya baridi yabisi, akasema, "Nell kawafumia wanenu." Adelaide aliziweka kwenye kabati la watumishi, lakini hakuzitupa. Miaka ikaenda hivyo. Kila upande ulidhani upande mwingine unalainika, na kila upande, kwa kuwa ni Harland, ulingoja mwenzake aje kwanza.

"Mbona hawaji, Shangazi?" nilimuuliza siku moja tukikamua mashuka.

"Watakuja. Nyama ngumu huivia kwenye moto mdogo, Tamar."

"Na kuni zikiisha?"

Akanirushia maji usoni. "Wewe na mdomo wako! Ndiyo maana mumeo Pickering alikimbilia baharini."

Mwaka Nell alipotimiza kumi na sita, alianza kukohoa. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye kuiga watu. Angemwiga mchungaji wetu akitafuta miwani hadi ukamwaga chai. Kikohozi kilianza Septemba. Oktoba aliona damu kwenye leso akaificha, nami nikaiona kwenye ndoo ya nguo. Nilimpelekea Silas ile leso. Aliitazama kwa muda, akaikunja, akaiweka mfukoni kama mtu anayeweka barua.

Daktari alisema yale aliyosema kwa mama yake. Mtoto atolewe hapa. Apate hewa kavu, dirisha lenye jua, maziwa. Akibaki katika chumba hiki hadi majira ya kuchipua, sitamdanganya mtu.

Usiku huohuo Silas alimwita Shangazi. Nilikuwepo, nimeshika mshumaa huku yeye akitafuta maneno. Hakuwahi kuomba mtu kitu maishani mwake.

"Shangazi. Reuben ana vyumba vitupu wakati wa baridi. Wageni hawapo."

"Anavyo, mwanangu."

"Wewe unasema hutuulizia. Unasema mkewe anampenda mtoto." Akaipapasa ile leso mfukoni. "Nenda ukamwambie kwamba namwomba. Mwambie nimesema *namwomba*. Amchukue Nell hadi Mei. Mimi sitakanyaga pale kama hataki, nitasimama barabarani nimwone dirishani."

Shangazi alilia kwa furaha. Naapa, ilikuwa furaha. Alimshika Silas mashavu kama mtoto wa miaka minne. "Umeona? Nilikwambia watakuja, au utakwenda, ni yale yale!"

Hakungoja Alhamisi. Asubuhi alivuka daraja mvua ikinyesha.

Reuben alimsikiliza amesimama, saa mkononi. Adelaide ndiye aliyejibu. "Kifua kikuu, Shangazi? Ndani ya nyumba yenye watoto wangu? Na wageni wakisikia Juni kwamba pamelala mgonjwa wa kifua, nani atakodi chumba?"

"Ni mtoto wa kaka yake."

"Kaka yake aliyemfukuza kama mbwa."

Shangazi akamgeukia Reuben. "Reuben. Kasema anakuomba. Silas huyo, kasema *namwomba*."

Reuben alifunga saa yake. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja aseme hivyo," alisema, "na sasa amesema, naona hainisaidii kitu. Mwambie aliyataka mwenyewe. Mwambie hapana."

Alipiga magoti, Shangazi, kwenye zulia lao, na goti lile bovu. Ilibidi kijakazi amsaidie kuinuka.

Akarudi. Alisimama darajani kwa muda mrefu. Muuza mkate alimwona akamwuliza kama anaumwa. Halafu akapanda ngazi za uani kwetu, na siku ile hakuanza kuongea kabla ya mlango. Nell alikuwa amekaa kitandani amejifunga shali, macho makubwa. Silas amesimama, mikono myekundu inaning'inia.

"Je?" Silas akasema.

Shangazi alimtazama mtoto, akamtazama baba. "Wamekubali," akasema. "Ila wanapaka rangi kile chumba. Mnajua Adelaide na mambo yake. Rangi ikikauka tu."

Nell akapiga makofi, akakohoa, akacheka katikati ya kikohozi. "Bibi, dirisha linaangalia wapi? Barabarani au baharini?"

"Baharini."

"Na ukutani?"

"Karatasi ya maua. Waridi. Waridi nyeupe na majani yake."

Aliniambia baadaye kwamba alikusudia kupata siku mbili tatu tu, arudi tena kule akawalainishe. Na alirudi. Alhamisi iliyofuata Adelaide alimpokelea ukumbini, hakumkaribisha chai. Iliyofuata, kijakazi alisema bibi hayupo, na Shangazi aliona pazia likitikisika juu. Kila jioni alirudi kwetu na kitu kipya. Rangi haijakauka kwa ajili ya mvua. Fundi wa dohani kachelewa. Mtoto wao ana surua, tusubiri ipone, jamani, surua na kifua havikai pamoja. Nell alipanga nguo zake sandukuni, akazitoa, akazipanga tena. Alishona kola mpya ya kwendea.

Mwishoni mwa Novemba mchungaji alikuja. Dada yake alikuwa na shamba kule Goathland, juu kwenye nyika, nyumba ya mawe inayoangalia kusini, na ng'ombe. Hakuwa na mtoto. Angemchukua Nell hata kesho. Mkokoteni ungemfuata stesheni.

Silas alimshukuru vizuri sana. "Lakini tayari ana pa kwenda, mchungaji. Kwa ndugu yangu. Mtoto wa Harland akiwa na nyumba ya Harland, hawezi kwenda kukaa kwa watu." Na nikaona jinsi alivyofurahi kusema vile: *kwa ndugu yangu*. Alilisema taratibu, kama mtu anayevaa koti aliloliweka miaka mingi na kukuta bado linamtosha.

Shangazi alikuwa anakoroga uji wa Nell. Mwiko ulisimama. Mimi nilidhani goti linamuuma.

"Una hakika, bwana Harland?" akauliza mchungaji. "Chumba chenyewe kitakuwa tayari lini?"

Silas akageuka. "Shangazi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, mkokoteni ulikuwa tayari, neno moja tu lilitakiwa. Lakini neno hilo lingemwambia Silas kwamba hakuna salamu, hakuna sala, hakuna keki. Kwamba ndugu yake alimwona Shangazi amepiga magoti akasema hapana. Shangazi alisema, "Wiki ijayo."

Mchungaji alimpeleka binti wa mwashi badala yake. Yule binti yu hai hadi leo. Ana watoto, namfulia nguo zao.

Baada ya Krismasi Nell hakuuliza tena kuhusu rangi. Aliongea juu ya chumba kile kama mahali alipowahi kuishi. "Jua linapoingia," aliniambia nikimbadilisha mashuka, "waridi zile hugeuka manjano kidogo, sivyo?" Alikufa mwanzoni mwa Machi, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba yake. Shangazi alimwosha pamoja nami. Alimvalisha ile kola. Hakutoa sauti hata moja, na nilishangaa, maana kwa kifo cha kuku Shangazi huyo hulia.

Reuben alisikia mjini. Siku ya maziko, tukiwa tumesharudi kutoka kaburini, mlango ulifunguliwa akaingia na Adelaide, wote weusi tangu kofia hadi glavu, wamepambwa kwa jiwe lililo bora kabisa. Silas alikuwa ameketi. Akainuka, akavuka chumba, akamkumbatia mdogo wake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanaume waliangalia dari.

"Ahsante," alikuwa akisema. "Ahsante, Reuben. Najua ulitaka. Rangi haikuwahi, basi. Si kosa lako."

Reuben alimpigapiga mgongoni. "Rangi gani, kaka?"

"Ya chumba chake. Chenye waridi."

"Chumba gani?"

Silas akamwachia. Akamgeukia Adelaide, akijaribu kutabasamu. "Na keki zako, shemeji, alizipenda. Hata wiki iliyopita alimeza kipande."

"Keki zipi?" akasema Adelaide. "Mimi sijawahi kuleta keki hapa."

Ni ajabu jinsi watu wote katika chumba wanavyoweza kumgeukia mtu mmoja bila kuambiwa. Shangazi alikuwa kwenye kona karibu na jiko, birika mkononi. Alionekana mdogo sana.

Hapo Reuben alifanya hesabu zake. Nilimwona akizifanya, ila sikujua ni hesabu za nini. Alimtazama kaka yake, akatazama pale jeneza lilipokuwa asubuhi, akawatazama majirani, nusu yao wakiwa wachongaji walio na ndimi. Halafu akasema, kwa sauti ya duka lake:

"Kaka, mimi sikuambiwa kitu. Naapa mbele ya watu hawa. Ningejua mtoto kazidiwa namna hii, ningemfuata mwenyewe na gari la farasi, ningembeba mikononi."

Adelaide alitazama ndani ya kikombe chake.

Silas alimsogelea Shangazi. Alisema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu. "Shangazi. Nilikutuma. Nilisema *namwomba*. Hukumwambia?"

Mdomo wa Shangazi ulifunguka. Alimwangalia Reuben, ambaye yeye ndiye aliyemfunza kufunga viatu, na Reuben akamwangalia yeye, na uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Mdomo ukajifunga.

"Sikumwambia," akasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa atakataa."

"Na zile salamu zote? Miaka yote?"

"Nilizitunga, mwanangu. Niliwapenda."

Makelele yaliyofuata sitayaandika. Waliozoea kula keki zake walimwita mchawi. Adelaide alikuwa wa kwanza kulia, na alilia vizuri. Silas hakupiga kelele. Alisema, "Chukua vitu vyako. Usiwepo hapa nikirudi kutoka kuwasindikiza." Kisha akatoka na ndugu yake, bega kwa bega, wakashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu baba yao azikwe walivuka daraja pamoja.

Shangazi alilala kwangu usiku ule. Reuben, ili isisemwe kwamba akina Harland humtupa mzee wao barabarani, alimtafutia chumba kwa mjane mmoja kule Lealholm, bondeni, mbali kiasi ambacho goti lake lisingeweza kutembea. Watu walimsifu kwa hilo.

Nilikwenda kumwona Juni. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya mjane, mikono mitupu mapajani. Sikuwahi kuona mikono ile mitupu. Mjane alikuwa kiziwi. Shangazi, ambaye angeweza kusimulia habari hata kwa nguzo, alikuwa ameishi miezi mitatu bila mtu wa kumsikia.

"Wanasalimiana?" ndilo neno lake la kwanza.

"Wanakula pamoja kila Jumapili."

"Silas anakula vizuri?"

"Amenenepa."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Nikakasirika. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na mkate. "Mtoto yule angekuwa hai," nikamwambia. "Goathland. Ng'ombe. Kwa nini hukumwambia Reuben, wewe mwanamke?"

Ndipo aliponiambia. Zulia, goti, saa ya Reuben, pazia lililotikisika. Aliniambia bila kujitetea, kama anasimulia habari za watu wengine. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua, Tamar. Hilo usiniondolee. Mchungaji alikuwa amesimama pale. Lakini Reuben nilimwomba, na alinisikia."

"Na ulikaa kimya akiapa uongo mbele ya watu!"

"Ningesema nini? Silas alikuwa amebakiwa na nani?"

"Nitamwambia mimi."

Alinishika mkono kwa vidole vile vilivyopinda. "Usithubutu. Nakuomba. Mwache awe na ndugu."

Sikumsikiliza. Nilirudi Whitby kwa treni ya jioni, nikapanda ngazi hadi karakana ya Silas nikiwa bado na boneti kichwani. Alikuwa kwenye gurudumu. Nilimwambia yote, nimesimama, hadi mwisho. Kanyagio halikusimama hata mara moja.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia."

"Reuben alijua. Alikataa. Shangazi alipiga magoti."

"Najua," akasema Silas.

Nilidhani sikusikia. "Unajua nini?"

"Namjua Reuben tangu anafutwa makamasi. Hakuna siku angemchukua." Aliinua bizimu, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha kwenye gurudumu. "Nililala siku tatu nikaliwaza. Shangazi hawezi kuvuka daraja na salamu asiifikishe. Hata ungemkata miguu."

"Sasa mbona yuko Lealholm anaongea na kuta?"

Hapo ndipo alipoacha kupiga kanyagio. Alinyoosha mkono kuonyesha karakana. Meza nne, tatu tupu. "Nani ananunua jiwe sasa, Tamar? Mabibi wameanza kuchoka na nyeusi. Karakana saba zimefungwa tangu mwaka juzi. Kazi yote ninayofanya, hii hapa, na ile, ni ya duka la Reuben. Hata wale wa York wananunua kwa jina lake." Akafuta mikono. "Nikisema najua, itabidi nimfungulie mlango tena, kama siku ile. Halafu nikae hapa na nini?"

"Na shangazi yako."

"Shangazi hanipi kazi," akasema.

Alilisema bila ukali. Nadhani alitaka nimjibu, nimtukane hata. Nilikosa tusi la kumtosha. Nilikwenda kwangu, nikawasha moto, nikachemsha maji ya kufulia.

Shangazi Dorcas alikufa Februari iliyofuata, kwa baridi. Mjane alimkuta asubuhi. Nilipanda treni na kitambaa cha kumfunika, na kwenye behewa lingine walipanda wao, Silas, Reuben na Adelaide. Walimzika kwa heshima. Jeneza la mwaloni, vishikio vya shaba, mchungaji wa kule akataja upendo wake kwa jamaa yake, na ndugu wawili wakasimama kichwani mwa kaburi, mikono yao imeshikana, picha nzuri ya kutazama. Silas alikuwa wa mwisho kuondoka. Alikaa pale hadi wachimba kaburi wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Stesheni, tukingoja treni ya kurudi, Adelaide alinisogelea. Theluji ilikuwa imeanza. Aliinua shela yake, macho mekundu.

"Maskini Shangazi," akasema. "Alitupenda kweli. Ila ulimi wake!"

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Ulimi wake. Una bahati kwamba siku ile aliuzuia."

Damu ilimpanda usoni hadi kwenye ukosi. Alishusha shela, akaenda kumtafuta mumewe. Treni ilipofika, Silas alipanda nao daraja la pili. Mimi nilipanda la tatu, pamoja na mwanamke mwenye bata wawili kwenye kapu, na tukasubiri muda mrefu pale Lealholm kwa sababu njia ilikuwa inafagiliwa theluji.